Jabali Nyuma ya Babu

Jarida jipya lilikuwa na harufu yake, na harufu hiyo ilitangulia kuingia nyumbani kabla ya Ami Seif aliyelibeba. Ilikuwa harufu ya wino ambao haujakauka sawasawa na karatasi laini yenye kung'aa, kali kiasi cha kumpigisha mtu chafya. Bibi yangu, Bi Zuwena, ambaye ndiye aliyewazaa Ami Seif na baba yangu, alikuwa haistahamili. Alisema inamwingia kichwani kama tumbaku ya mtu mwingine. Kwa hiyo kila jarida lilipofika, hakuna aliyeruhusiwa kulishika mpaka Bibi alifukize kwanza. Alitia makaa kwenye chetezo, akadondosha kipande cha udi, kisha akalishika jarida juu yake na kulifunua ukurasa kwa ukurasa ili moshi upite, vilevile alivyofukiza kanzu za Ijumaa. Mimi nilichuchumaa ubavuni pake nikizitazama picha zikinipita ndani ya moshi: ngome, kisima, punda aliyebeba viriba vya maji, wanaume na bunduki zao ndefu, na mara hospitali nyeupe, barabara ya lami, watoto wa shule waliovaa sare. Hivyo ndivyo nilivyoisoma historia ya nchi yangu kwa mara ya kwanza.

Tulikaa Matrah, katika nyumba ya kupanga kwenye kichochoro nyuma ya soko, mahali ambapo mawe ya mlima yalikuwa karibu na dirisha la jikoni hata Mama akaweza kuanika matambara juu yake. Jua likishakuchwa mawe yale yaliendelea kutoa joto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza Maskati. Watu walisema tumerudi, na wakubwa wetu wenyewe walisema hivyohivyo, "tangu tuliporudi", ingawa mimi nilizaliwa Unguja na nilikuwa sijapata kuona jabali hata moja maishani mwangu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, Bibi alipenda kusema, na nilimwamini, ila kwangu mimi marejeo yale yalikuwa safari ya kwenda. Baba alikuwa kazini jangwani, kwenye visima vya mafuta, akija nyumbani mara chache, na mwanamume wa nyumba alikuwa Ami Seif. Ami alijua Kiingereza na Kiarabu cha kuandika, na kwa sababu ya elimu hiyo, iliyokuwa adimu siku zile, alipata kazi katika jarida moja la picha lililoanzishwa karibuni. Sisi nyumbani tuliliita majala. Mlangoni tulisema Kiarabu, ndani Kiswahili, na jikoni vyote viwili kwa pumzi moja.

Inafaa nieleze kidogo majarida yale ya mwanzo yalivyokuwa, maana vijana wanaoyaona leo kwenye maonyesho huyatazama kwa haraka wakapita. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inafunguka. Shule zilikuwa mpya, barabara mpya, hata redio ilikuwa kitu cha kukusanyikia. Watu wengi walikuwa hawajui kusoma, na jarida lilijua hivyo, basi likaifanya picha ndiyo maneno. Jarida la Kiarabu husomwa kuanzia kulia. Upande wa kulia iliwekwa picha ya zamani, na upande wa kushoto, ikiitazama ile ya kwanza, picha ya sasa. Kulia mwanamke na mtungi, kushoto bomba la maji. Kulia taa ya kandili, kushoto nguzo za umeme. Mtu hakuhitaji kuambiwa kitu. Chini ya picha za sasa kulikuwa na maelezo marefu, ya jina la mahali na sifa zake, na chini ya zile za zamani mara nyingi palikuwa na neno moja tu: zamani. Hapakuwa na jina la mtu wala la kijiji. Na kwa kuwa picha za zamani zote zilikuwa nyeusi na nyeupe na zile za sasa zina rangi, mimi niliamini kwa dhati kwamba zamani watu walikuwa hawana rangi. Siku moja nilimwuliza Bibi kama na yeye alipokuwa mwari alivaa kanga nyeusi na nyeupe. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kanga zetu zilikuwa nyekundu za kumchoma mtu macho, wewe mtoto! Mwambie ami yako ayaandike hayo kwenye majala yake."

Kazi ya Ami ilikuwa kuzitafuta hizo picha za zamani, na haikuwa rahisi. Huku bara ya Omani kamera zilikuwa chache mno. Picha nyingi zilizokuwepo zilipigwa na wageni waliopita njia, na mgeni hupiga picha ya kile kinachomshangaza. Anapiga ngamia, anapiga lango la ngome, hampigi mama anayemsuka mwanawe nywele. Basi picha zilezile zilizungushwa. Yule punda wa viriba namkumbuka kama jamaa: mara hii alikuwa mfano wa usafiri wa kale, mara nyingine mfano wa shida ya maji, na mara ya tatu akawekwa kuonyesha subira ya wananchi. "Punda huyu anafanya kazi kuliko mimi," Ami alikuwa akisema, "na likizo hajapewa hata siku moja." Sisemi haya kwa kuwacheka wale waliolitengeneza jarida. Taifa changa ni kama bibi harusi, linataka lionekane limependeza, na linataka pia lionekane lina wazee. Walikuwa wakiijengea nchi albamu kwa pupa, kwa vipande walivyovipata. Lakini wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na katika jarida lile msemo huo ulikuwa sheria. Aliyekuwa na picha alikuwa na zamani. Asiyekuwa nayo, basi hata kama babu zake walichimba kisima chenyewe, hakuonekana.

Mimi niliyajali mambo haya kuliko mtoto yeyote wa umri wangu, na sababu yake ni shule. Darasani mwetu kulikuwa na msichana aitwaye Raya, mwenye nywele ndefu na ulimi mrefu zaidi. Kiarabu changu kilikuwa na mikunjo ya Kiswahili, na Raya alikuwa na sikio la kuidaka kila mmoja. Aliniita mtu wa nazi. Nikipita alijifanya anakuna nazi juu ya mbuzi, mabega yakienda mbele na nyuma, na wenzake wakaangua kicheko. Siku moja mwalimu alibandika ukutani kurasa za jarida, za ngome na mashujaa, akatuambia hawa ndio wazee wetu. Raya akageuka akaninong'oneza, "Wazee wetu. Wako wewe wako juu ya mnazi." Nilizitazama zile nyuso za ukutani, na kweli sikumwona hata mmoja niliyemjua.

Ndipo likaja toleo la sikukuu ya taifa. Ilikuwa mwisho wa joto, wakati ule ambapo watu wa Maskati huanza kutoka nje bila kukunja uso. Mhariri alitaka kurasa kubwa kuhusu elimu, jana na leo. Za leo zilikuwa tele. Ya jana haikupatikana. Walitaka mwalimu wa kale, Momani wa sawasawa, mwenye joho na kilemba na jambia kiunoni, pamoja na wanafunzi wake, na katika masanduku yote ya ofisi hakuwemo. Ami alirudi nyumbani amechoka akatueleza haya huku akila, na Bibi akainuka, akaenda kwenye kasha lake, akarudi na picha iliyofungwa kitambaa. Alikuwemo Babu Humud, mumewe, amekaa kwenye kiti nje ya nyumba yao ya shamba huko Unguja, na joho, na kilemba, na jambia, na msahafu mapajani. Mbele yake kwenye jamvi walikaa watoto aliowasomesha. Mmoja ni Ami Seif mwenyewe, mdogo, masikio yamemtoka, mkono wake umeegemea bega la mtoto wa pembeni yake. Nyuma yao ilisimama minazi. Kule Unguja wapiga picha walikuwepo kila mtaa, na hivyo likatokea jambo la ajabu ambalo sikulielewa mpaka nimekuwa mtu mzima: nchi ilipotafuta sura yake ya kale, mara nyingine iliikuta kwenye makasha ya wale walioishi mbali nayo.

Bibi hakuwa na picha nyingine ya mumewe. Aliitoa kwa roho moja. "Aonekane," alisema. "Kasomesha watoto wa watu maisha yake yote. Na hawa wajukuu zake waonekane wana mtu." Aliponitazama nilijua kwamba mikuno ya nazi ya Raya ilikuwa imemfikia. Siku ya pili nilikwenda shule nikatangaza kwamba babu yangu atatoka kwenye majala, toleo la sikukuu, ukurasa mzima. Raya akacheka, "Majala ya minazi?" Lakini niliona amebabaika kidogo. Aliwaambia wenzake, "Tutaona." Kuanzia siku ile darasa zima lilikuwa likingoja.

Haukupita muda Ami akaja na bahasha kubwa ya ofisini. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, Bibi amekaa mkekani anachambua mchele. Ami alieleza kwanza, kabla ya kuitoa picha, na mtu akieleza kwanza jua kuna jambo. Alisema mhariri ameipenda picha mno, ila minazi ile ingewachanganya wasomaji, kwani nani ameona minazi kama ile Nizwa au Rustaq? Kwa hiyo wamempa fundi wao, Mathai, mzee wa Kihindi aliyekuwa akisafisha picha kwa brashi nyembamba kama unywele, na wembe, na wino mweusi na mweupe. Mathai mwenyewe ni mtu wa Kerala, na alimwambia Ami kwamba kuifuta ile minazi kulimtia uchungu, maana kwao nako ni nchi ya minazi. Akaifuta, akachukua jabali kutoka picha nyingine, akalipandikiza nyuma ya Babu.

Bibi aliishika ile picha ya kuonja, ya majaribio kabla ya kuchapwa, karibu na macho, akaangua kicheko. "Lahaula! Humud kapanda jabali! Na magoti yale! Ngazi za msikiti zilikuwa zikimshinda." Ami akacheka kwa kushusha pumzi. Mama akaja kutoka jikoni kutazama, akacheka naye. Mimi nilifurahi kupita wote, kwa sababu jabali lile lilikuwa jabali kweli, kubwa, la Kiomani, na hakuna ambaye angeweza kumtoa babu yangu chini yake. Kisha kidole cha Bibi kikaanza kupita kwenye safu ya watoto, mmoja mmoja, kikafika kwa Seif, kikasimama.

"Makame yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba yule mtoto wa pembeni hayupo. Mahali pake palikuwa na mawe. Ami Seif wa utotoni alibaki amenyoosha mkono vilevile, ameegemea hewa.

Msomaji anapaswa kumjua Makame. Alikuwa mtoto wa jirani wa Bibi huko shamba. Mama yake alipomzaa aliugua sana, maziwa yakakatika, na Bibi alikuwa ndiyo kwanza amejifungua Seif. Akamchukua Makame akawanyonyesha wote wawili, huyu ziwa hili na huyu lile, mpaka wakaachishwa pamoja. Kwa dini yetu jambo hilo si hisani tu inayopita. Mtoto uliyemnyonyesha ni mwanao, hawezi kuwaoa binti zako, huna haja ya kujifunika mbele yake, na wanao ni ndugu zake. Makame alikuwa ndugu wa ziwa wa ami yangu na wa baba yangu. Tulipohama, yeye alibaki Unguja na wazee wake, na siku hizo hapakuwa na njia ya kujuana hali. Bibi alimtaja katika kila dua.

"Mama," Ami alisema polepole, "mhariri kasema hawezi kumtoa mtoto asiye na nguo mbele ya mwalimu, tena sikukuu ya taifa. Makame yuko kifua wazi, ana shuka tu. Na tena..." Akasita. "Walisema hafanani na wa huku."

"Na sisi tunafanana na nani? Huyu Asya anaitwa mtu wa nazi kila siku ya Mungu, wewe umekaa kimya, leo umewaletea wembe wamkate nduguyo?"

"Sikuwaambia mimi. Nimeikuta tayari. Mama, mimi ni mgeni pale ofisini. Na ni majala tu, mwezi ukisha watu wanafungia samaki."

"Majala tu! Tazama mkono wako. Anayekuona atadhani mtoto kalewa."

Mama alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Hata Ami alitaka kucheka, akashindwa. Akajaribu njia nyingine. "Mbona minazi hukuililia?"

"Minazi waichukue," Bibi alisema. "Minazi sikuinyonyesha."

Nilimwona Bibi ameuweka ungo wa mchele chini, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini pia. Alisema kwamba asubuhi ile ya picha, mpiga picha alikuja mapema kuliko alivyoahidi. Watoto wengine walikuwa wamevaa. Kanzu ya Makame, ambayo Bibi mwenyewe alimshonea, ilikuwa kambani inachuruzika maji, kwa sababu aliifua ili apendeze. Aliomba wangoje ikauke. Mpiga picha hakungoja. "Mpaka leo nikiitazama picha hii siwaoni wengine," alisema, "naiona kanzu ile kambani. Sasa nyinyi mnasema hana nguo. Basi mvisheni! Mtu anayeweza kusimamisha jabali zima ashindwe na kanzu ya mtoto? Na kama hawataki, nirejeshee picha yangu. Humud kakaa miaka yote hii bila ya gazeti, atakaa na mingine."

Ami aliichukua bahasha akaondoka bila kumaliza chai. Nami, kwa kuwa niliona babu yangu anaponyoka mkononi mwangu, na Raya ananingoja, nilimsogelea Bibi nikamwambia, "Bibi, waache tu. Makame yuko mbali, hatojua." Hakunikemea. Alinivuta karibu, akanipangusa pua kwa kanga yake. "Hatojua yeye," alisema. "Mie nnajua. Na ami yako anajua, ndiyo maana chai haikumpita."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Ami aliulizwa, akajibu tu kwamba jarida limekwenda mtamboni, na picha ya asili akamrejeshea Bibi ndani ya kitambaa chake bila maelezo. Sikujua kurudi kwake kulikuwa na maana gani, kama ni ushindi au ni kukataliwa, na yeye alikuwa na uso wa mtu aliyekula kiapo cha kutosema. Shuleni mwalimu alitundika bendera. Raya alinipita akiniuliza, "Babu kashuka mnazini?"

Jarida likafika. Bibi akatia makaa. Sijapata kuuona moshi wa udi ukiwa mzito kama jioni ile, na Bibi alifunua kurasa taratibu kama kawaida yake, hataki kuharakishwa, ngome ikapita, punda akapita, bandari ikapita, na mara Babu Humud akatokea chini ya jabali, mkubwa, ukurasa mzima kama nilivyotangaza. Chini yake wameandika: mwalimu na wanafunzi wake, zamani. Kwenye jamvi, Ami Seif na masikio yake, na mkono wake umeegemea bega. Makame alikuwepo. Amevaa kanzu nyeupe kuliko kanzu zote zilizokuwa pale, haina hata mkunjo mmoja, na shingoni Mathai alikuwa amemtilia kishada kidogo kama wanachovaa Waomani. Bibi aliiweka picha karibu na macho, akaikagua kanzu ile kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenziwe. "Shingo imekaa sawa," alisema. "Na kishada kamtilia! Mungu amlipe kheri." Kisha akaliweka jarida mapajani, akalifunika kwa viganja vyote viwili.

Baadaye Ami alitusimulia ilivyokuwa. Alikuwa ameingia kwa mhariri ameandaa hoja kwa Kiarabu cha kitabuni. Mhariri, mtu mpole wa huko bara, alimsikiliza mpaka mwisho na akamwuliza jambo moja tu: ni mama yako aliyesema? Ami akajibu, ni mama. Mhariri akamwita Mathai.

Nami nikaenda na jarida shuleni. Nilikuwa nimejitayarisha kuwaonyesha jabali. Nilidhani jabali ndilo litakalonitetea. Raya alilivuta jarida, wenzake wakamzunguka, na jicho lake halikugusa jabali hata kidogo. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwa wale watoto wawili walioegemeana.

"Huyu nani?"

"Ami yangu."

"Na huyu?"

Ningeweza kusema ni mwanafunzi tu. Nikasema, "Kaka yake. Wa ziwa. Bibi yangu amemnyonyesha."

Raya aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza hakuwa akinitazama kwa kutafuta kosa. "Kama Khalfan wetu," alisema. Nikamwuliza Khalfan nani, akanieleza kwamba ni mtoto wa mchunga mbuzi mmoja huko kwao bara ambaye mama yake Raya alimnyonyesha wakati wa ukame, na sasa akija mjini hulala kwao, na hula sahani moja na kaka zake. Akawageukia wasichana wengine akawaita, "Njooni mumwone kaka wa ziwa wa ami yake Asya!" Aliniita kwa jina langu. Mambo hayakuwa asali tangu siku hiyo, ulimi wake haukufupika, lakini kukuna nazi alikuacha.

Miaka imekwenda. Bibi ametangulia mbele ya haki, na jarida lenyewe lilikwisha toka zamani. Mimi naishi Azaiba, nimestaafu ualimu, na Ami Seif anakaa Al Amerat kwa mwanawe mkubwa, nyuma ya milima ileile. Sikukuu iliyopita picha ya Babu ilifufuka. Mtu fulani, hatumjui, aliitoa kwenye jarida la zamani akaitia kwenye mitandao, na kufikia Ijumaa ilikuwa imefika kwenye simu ya kila mtu. Tulikuwa tumekusanyika kwa Ami kwa chakula cha mchana, na mjukuu wake Thuraya alikuwa akitusomea maneno ambayo watu wameyaandika chini yake. Walikuwa wakibishana kuhusu jabali. Mmoja kasema ni jabali la kwao, babu yake alichunga mbuzi pale. Mwingine kasema hapana, ni la kwetu sisi, hata mwamba ule wa juu naujua. Ami alicheka mpaka tukampa maji.

Thuraya yeye hakucheka. Anasoma sayansi, ana jicho kali. Aliikuza picha kwa vidole viwili akasema, "Babu, kivuli cha jabali kinakwenda huku na cha kiti kinakwenda kule. Na kanzu hii haina kivuli kabisa. Picha hii ya uongo." Nikaona nimweleze, kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu miaka mingi, kwamba picha yoyote ya kale inataka kuulizwa maswali kwa upole: nani aliipiga, nani aliitaka, nani alitolewa ili ipendeze. Nikamweleza kuhusu Mathai na wembe wake. Siku zile kumwondoa mtu pichani kulichukua siku nzima ya kazi ya mkono wa fundi, na kumrudisha kulichukua siku nyingine. Leo simu yake inaweza kumwondoa mtu kwa mguso mmoja, wala hapana mama atakayeonyeshwa kwanza picha ya kuonja ili apate kuuliza fulani yuko wapi. Hilo nalihofia. Lakini leo pia mtoto kama yeye anaweza kuandika majina chini ya picha, jambo ambalo sisi hatukuwa na nafasi nalo. Sisi tulipewa neno moja, zamani, tukashukuru. Thuraya akafikiri kidogo, akaandika jina la Humud, akaandika la babu yake, akasita. "Na wa tatu jina lake kamili nani?"

"Mpigie umwulize," alisema Ami.

Maana Makame yu hai. Walikuja wakaonana, baada ya miaka mingi, njia zilipofunguka, Ami alipokwenda Unguja, na tangu kuja kwa simu hizi haipiti Ijumaa bila kusalimiana. Ila kwa namna ambayo siwezi kuieleza, jarida lile halikupata kumfikia. Lilikuwa limepotea katika kuhama nyumba, na kati ya ndugu wawili wenye mengi ya kusemezana halikuzungumzwa. Thuraya akampigia. Uso wa mzee ukatokea kwenye kioo, kofia imemkaa upande, nyuma yake jogoo anawika. Tukamtumia picha. Tukamwona akiisogeza simu mbali, halafu karibu, mjukuu wake akimsaidia.

"Huyu Mwalimu Humud," alisema. "Huyu Seif, mwenye masikio." Ami akapiga kelele ya kupinga. "Na huyu... Seif, huyu si mimi?"

"Wewe hasa."

"Mbona tuko mlimani?"

"Tuko Oman hapo."

Makame akacheka, meno machache yaliyosalia yakaonekana. "Alaa! Kumbe mie Oman n'shafika, tena kabla yenu! Na nyinyi mnajidai ndio Waomani." Nyumba nzima ikacheka naye. Kisha akairudia picha, na tukamwona akigusa kioo kwa kidole, mahali ambapo pana kifua chake.

"Mimi siku ile sikuwa na nguo," alisema. "Nakumbuka vizuri, niliona haya. Kanzu hii kanivisha nani?"

Ami alikuwa na Mathai wa kumtaja, na mhariri, na yeye mwenyewe aliyekwenda ofisini na hoja zake za kitabuni.

"Mama," alisema.